Good ya Memsaab

Hata leo nikinusa nta ya kung'arisha sakafu, magoti huniuma. Msicheke, ni kweli. Hunirudisha katika nyumba ya Memsaab, bibi wa Kizungu mwenye shamba, upande wa Bahati, nilikosugua sakafu kwa magoti na kuwa yaya wa mtoto wake nami mwenyewe ningali mtoto. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, na sisi watu wa shambani hatukuvuka lango bila pasi, kile kibali cha kutembea. Mama yangu alichuma pareto huko nje. Mimi nilikaa ndani.

Neno langu la kwanza la Kiingereza lilikuwa good. Lo, neno lile lilikuwa na kazi nyingi! Mkate ukiumuka, good. Ng'ombe asiporusha teke akikamuliwa, good. Nikinyamaza siku nzima, good. Mpishi, mzee aliyesoma misheni kidogo, alinieleza tukimenya viazi: "Hapo anamaanisha mtulivu. Hapo mtiifu. Hapo anasema kitu hakina kasoro." Niliyameza yote, maana Memsaab aliniahidi kwamba nikiwa good, shule ya shamba ikifunguliwa nitaenda. Niliitamani shule ile hadi nikaiota.

Mama alipokuja mlangoni kuniombea ruhusa ya kwenda shule, Memsaab alitikisa kichwa. "Hapana! Hii toto good sana. Kaa hapa." Nilitaka kupiga mayowe. Kumbe kadiri nilivyojitahidi, ndivyo nilivyozidi kujifungia mlango!

Jioni Mama akaninong'oneza, "Vunja ile sahani ya maua anayoipenda. Atakufukuza, uende shule."

Niliivunja kesho yake. Lakini nyumbani kwetu tulifunzwa kwamba mtoto akivunja kitu hangoji kuulizwa, husema mwenyewe. Basi miguu ikanipeleka mbio hadi sebuleni. "Memsaab, ni mimi nimevunja." Alinitazama, hasira ikamwisha, akanipapasa kichwa. "Good girl."

Nilimuuliza mpishi maana yake safari hiyo. "Mkweli," akasema, akageukia jiko lake.

Shule ikafunguliwa. Niliwasikia wenzangu wakipita wakiimba, nami niko dirishani na mtoto wa watu mgongoni.

Mama hakunigombeza kwa ile sahani. Alinifunga kitambaa changu upya kichwani, polepole, akasema, "Nimekulea vizuri mno, mwanangu." Nikadhani ananisifu, nikatabasamu. Ni baada ya kulea mabinti zangu mwenyewe ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa akijilaumu.