Blada kwenye Waya ya Nne

Kila Agosti mimi hukagua mlingoti wa kanisa letu hapa Kanyangi, na kila Agosti hakosekani mtu wa kuuliza mwanamke anapandaje huko juu. Siku hizi sijibu. Navaa mkanda wangu na kupanda.

Mlingoti wenyewe ulitoka kwenye mashua kuukuu ya matanga. Nilifanya kazi miaka tisa pwani, kwenye yadi ya kutengeneza mashua za namna hiyo, na kazi yangu ilikuwa waya zinazouzuia mlingoti usianguke: kuzikagua, kuzikata, kufunga mpya. Mashua ile ilipovunjwa, mwenye yadi akanipa mlingoti na waya zake. Nikaupakia kwenye lori, ncha imetokeza nyuma na kitambaa chekundu, na pale Mtito Andei madereva wakaniuliza kama ni nguzo ya stima. Tuliusimamisha kando ya kanisa kwa waya nne, juu tukafunga spika. Nikawaambia wazee wa kanisa, kwa maringo kweli, kwamba kinachoua waya ni chumvi ya bahari, na huku kwetu bahari iko wapi? Hizi zitatuzika sote.

Kwetu watu huleta mbuzi kama sadaka, na baada ya ibada mbuzi hunadiwa. Baba yangu, mzee wa kanisa, ndiye aliyewasimamia. Alijua dawa yao: unamlambisha mbuzi chumvi, anakunywa maji mpaka tumbo linajaa, na mnadani anaonekana amenona. Haukuwa wizi, hata wanunuzi walijua. Aliwafunga kwenye waya ya nne, karibu na tangi la maji, chumvi akaimwaga hapo hapo chini. Ili wasijichune kwenye skurubu ya kukazia waya, aliizungushia blada, ile mipira ya tyubu tunayofungia kila kitu, kuanzia kuni hadi kiti cha baiskeli. Aliifunga vizuri sana. Sikuwahi kuifungua. Fundi mzima, miaka minane, nakagua waya tatu kwa makini na ya nne naipapasa juu ya blada tu, kwa sababu aliyeifunga ni baba.

Mwaka huu Baba hatoki kitandani. Miguu ilimkatalia tangu mvua za mwezi wa nne. Ibada anaisikia kupitia ile spika, kutoka ng'ambo ya bonde, dirisha likiwa wazi. Simu kwetu haishiki mpaka upande kilimani. Na Jumapili iliyokuwa inakuja ilikuwa yake. Pasta alikuwa amepanga kumshukuru mbele ya watu wote kwa miaka aliyotumika. Baba alikuwa ameshaomba anyolewe ndevu Jumamosi.

Ijumaa nilianza kazi. Unapitisha pamba juu ya waya, na pamba ikinasa, hapo uzi umekatika. Waya tatu zilikuwa safi. Nilipofika ya nne, blada iliyochakaa kwa jua ikanimeguka mkononi, na unga mweupe wa chumvi ukamwagika. Nikaikata yote. Ndani waya ilikuwa nyekundu kwa kutu. Kati ya nyuzi kumi na tisa, saba zilikuwa zimekatika, na skurubu ilikuwa na ufa. Nikakaa chini. Nilikasirika, kwanza na Baba, halafu na mimi mwenyewe, na hasira hiyo ya pili haijaisha.

Chini ya mlingoti ndipo watoto wa Sunday school hukaa. Waya mpya ingetoka pwani, na ingechukua zaidi ya wiki. Pasta aliniangalia akitumaini nitasema tufunge kamba tuvuke Jumapili. Nililifikiria jambo hilo kuliko inavyofaa. Kisha nikaita watu, tukaulaza mlingoti kabla ya jua kutua.

Nyumbani nilimwambia Baba hatasikia ibada. Yeye huniita Mama, kwa kuwa nimebeba jina la mama yake.

"Ni waya gani, Mama?"

"Ya nne."

Sikuhitaji kutaja mbuzi.

"Basi uwaambie chumvi niliweka mimi," akasema. "Na blada pia. Wasikulaumu wewe."

Nikamwahidi. Lakini Jumapili niliposimama, walikuwa wametoka tu kumpigia Baba makofi, makofi ambayo hakuyasikia, na ulimi ukanikatalia. Nikasema kosa ni langu, sikufungua blada, nikaketi. Niliporudi akaniuliza kama niliwaambia. Nikasema ndiyo, nimewaambia.

Waya mpya na skurubu yake zililetwa na basi mpaka Emali, nikaenda kuzichukua. Tukausimamisha mlingoti tena, na blada sikutaka hata kuiona. Jumapili ya kwanza nilikuwa nikimnywesha Baba uji wakati spika ilipomshukuru Mungu kwa mlingoti, kisha ikaliomba kanisa limsamehe binti yetu aliyekiri uzembe wake. Sauti ya pasta ilifika wazi kabisa. Baba akafunga mdomo.

"Mama, sivyo nilivyokutuma."

Nikamwambia uji unapoa. Akakataa kuunywa.

Wiki iliyofuata wanaume wanne walimbeba kwa kiti mpaka ng'ambo ya bonde. Nilikataa kwenda. Nilisema ni aibu kumsumbua mgonjwa kwa mambo ya mbuzi, lakini aibu ilikuwa yangu. Nikakaa kwenye kitanda chake, dirisha wazi. Waliimba, wakatoa matangazo, halafu spika ikakwaruza na nikamsikia akihema karibu sana na maiki.

"Chumvi niliweka mimi," akasema. "Binti yangu alijua. Alinisitiri kwa sababu mimi ni baba yake."

Nilisikia kila neno.