Siku Niliyojitoa Jandoni Mara ya Pili

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Nimeishia darasa la saba, lakini nina nyumba ya bati Nachingwea mjini, bodaboda mbili barabarani na mikorosho Chiola, vyote kwa mikono hii, tena trekta liliwahi kuwaka moto nikiwa juu yake na nikamaliza kwanza tuta. Ndiyo maana naona haya kusimulia kwamba aliyeniweza ni mama yangu mzazi, mbele ya spika nilizokodi mwenyewe.

Mimi ni fundi wa mitambo kwenye shamba la mafunzo la chuo kikuu kimoja, upande wa Matambarale, Ruangwa (chuo chenyewe sikitaji, bado nakula kwao). Pale walimu wanapanda: mtu anakuja msaidizi, ukigeuka ni mhadhiri, ukigeuka tena ni daktari, na kila akipanda tunakula pilau. Sisi ukiingia fundi utatoka fundi, labda uongeze kiuno kibovu. Iliniuma, sisemi uongo.

Basi asubuhi moja mkuu wa shamba, mama mmoja mpole tunayemwita Daktari, akasema kikaoni, "Kuanzia leo Saidi ndiye mkuu wa mitambo." Makofi. Mwingine angeuliza barua iko wapi, mimi nikaamua kufanya sherehe.

Kwetu mtu akipanda lazima atolewe. Nakumbuka tulivyotoka jandoni Chiola, tumepakwa mafuta, nguo mpya, ngoma zinalia, na majina mapya ambayo ole wake atakayekosea akatuita la zamani, faini papo hapo, hata awe shangazi. Sijawahi kuwa mkubwa kama siku ile, na sasa nikiwa na mvi niliitaka tena.

Nikakodi turubai, nikachinja mbuzi, nikamwalika Daktari awe mgeni rasmi, nikashika maiki: "Jina la Fundi limekufa! Niiteni Mkuu. Atakayekosea, faini elfu moja!" Watu wakacheka, wakasahau, wakalipa. Mpishi alilipa, shemeji zangu wa parokiani walilipa, mfuko wa kanzu ukavimba.

Daktari alipoinuka kusema, jenereta likazima. Mama, aliyekuwa mkekani na bibi wenzake, akapaza sauti, "We Fundi! Njoo uwashe dude lako, unamwaibisha mgeni!"

"Faini! Faini!" uwanja mzima.

"Nimlipe nani, huyu niliyemwogesha?"

Nikapiga magoti kwenye oili na kanzu yangu nyeupe, nikafuta plagi kwa pindo la kanzu hiyo hiyo, likawaka. Wakashangilia, "Fundi! Fundi!" (makusudi kabisa, washenzi wale). Nikampa Daktari maiki. "Mheshimiwa, hebu waambie cheo changu."

Alikosa raha, lakini hakutaka kudanganya. "Jamani, mkuu wa mitambo ni neno letu pale shambani tu, kwenye muundo wa chuo halipo. Sisi walimu tuna ngazi, fundi hakuchongewa. Ingekuwepo, huyu angekuwa juu kabisa."

Nilisikia nyama ikitokota.

Mjomba, ambaye kwetu ndiye mwenye neno la mwisho, akachukua maiki. "Kama cheo hakipo, sheria haipo. Faini ya uongo hurudishwa mara mbili. Mpwa wangu, toa."

Foleni ikajipanga kwa vigelegele. Mwisho wake nikamkuta mama, kiganja wazi.

"Mama, wewe si hukulipa hata senti?"

"Nimekuita Fundi tangu ulipotengeneza redio ya marehemu baba yako. Cheo hicho nilikupa mimi, leo unasimama kwenye spika unasema kimekufa? Leta."

Nikatoa. Akaifunga noti kwenye pindo la kanga, akanipangusa oili shavuni mbele ya watu wote, kama mtoto anayepelekwa madrasa.

Mama alitangulia mwaka juzi. Chuoni bado mimi ni Fundi na ngazi bado haijachongwa (Daktari ameandika barua, tunasubiri), na nimeapa sikodi spika tena kabla sijaona karatasi. Mbuzi na turubai sihesabu, hizo ni fahari zangu. Lakini faini nilizorudisha, pamoja na zile elfu mbili za mama ambazo leo ningezitoa kila siku akiniita, zilikuwa shilingi elfu thelathini na sita kamili.