Shikamoo Isiyo na Sauti

Nakumbuka asubuhi moja pale Same, mwanangu, nilifungua mdomo niwaite wanafunzi darasani, ikatoka pumzi tupu. Nilikuwa mwalimu, binti mbichi. Enzi hizo serikali ilikuwa imeruhusu kila mtu kufanya biashara, lakini mshahara haufiki popote, basi siku za mnada nilikuwa nanadi mitumba mpaka mishipa ya shingo inanitoka. Sasa mwalimu asiye na sauti atafundisha nini? Niliogopa kweli.

Kila mtu akaja na dawa yake. Huyu tangawizi, yule mafuta ya kondoo, jirani akaapa nimerogwa. Nikawa sijui nimsikilize nani. Mwisho nikaenda hospitali kwa mama mmoja mtaalamu wa sauti. Akanichungulia koo kwa kioo kidogo, akasema nyuzi za sauti zimeota sugu, kama kiganja cha mshika jembe.

"Mwalimu, nyamaza kabisa kwanza. Na usinong'one, kunong'ona nako kunazichosha. Ukirudi nitakufundisha kusema bila kukaza shingo."

Nikapanda kijijini kwetu Chome, milimani, kunyamaza. Lo! Njia nzima wazee. Utampitaje mzee bila shikamoo? Nikawa nanong'ona shikamoo babu, shikamoo bibi, nao wananiuliza habari za Same, nami nanong'ona majibu. Sauti haikurudi. Nilichanganyikiwa, maana nikinyamaza sina adabu, nikinong'ona sina kazi.

Bibi mzaa mama akanikuta nalia jikoni. Nikamnong'oneza mkasa wote.

"Nyamaza! Hata sasa unanong'ona!" akafoka. "Nani kakuambia heshima inakaa kooni? Wewe piga goti. Kusema nitasema mimi."

Tangu hapo akawa anatangulia njiani na fimbo yake. "Mwalimu anakuamkia, koo linaumwa." Mimi napiga goti, mzee anaitikia marahaba, tunapita. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo! Sauti ikarudi polepole, yule mama wa hospitali akainyoosha kwa mazoezi, nikarudi darasani. Hadi leo sielewi kwa nini sikuwaza kumwambia mtu mapema.

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Ukipewa dawa, usiitumie nusu kwa kuona haya. Waambie watu wako, wakushikie ule upande usiouweza. Mungu akulindie koo lako, na siku utakayopaswa kunyamaza, akupe mtu wa kutangulia mbele yako akiwaamkia watu kwa niaba yako.