Herufi Moja Kwenye Mashine ya Kigari

Mimi ni kinyozi. Watu wanadhani kazi yangu ni kukata nywele, lakini kazi yenyewe hasa ni kumfanya mtu atulie. Nimewatuliza walevi, nimewatuliza watoto wanaopiga mateke, na nimemtuliza bwana harusi mmoja aliyeanza kughairi ndoa wakati nusu ya kichwa nimeshamaliza. Lakini mke wangu, kwa miaka ishirini na mitatu tuliyokaa pamoja, sijawahi kumkalisha kwenye kiti akamaliza kikombe cha chai.

Mtaa mzima unamwita Fundi. Hata mimi namwita hivyo, na mama yangu mzazi pia, ambaye mwanzoni aliapa hatamwita mkwe wake kwa jina la kazi ya wanaume. Anatengeneza redio, televisheni, feni, pasi, chochote chenye waya. Duka lake na langu yametenganishwa na ukuta wa mbao, kwa hiyo namsikia siku nzima. Anafungua droo, anaifunga. Anatoka kuangalia nani amepita. Anarudi, anashika bisibisi, anaiweka, anaosha kikombe ambacho hajakinywea. Mikono yake inaanza kazi kabla kichwa hakijapewa taarifa. Simu ikilia, anaruka kama aliyechomwa sindano.

Simu ndiyo kiini cha mambo yote, ngoja nieleze.

Fundi alimlea mdogo wake wa kiume tangu mama yao alipofariki. Tulipooana, kijana aliingia kwenye ndoa yetu na begi lake moja, mrefu na mwembamba, tukamwita Sindano. Nilimpenda sana shemeji yangu yule. Alikuwa na mdomo, hana adabu hata chembe akinitania, na alikuwa mtu pekee aliyeweza kumchekesha dada yake akiwa amekasirika. Tatizo lake lilikuwa moja: ukumbi wa michezo kule karibu na stendi. Ndani yake kulikuwa na mashine za gemu zile ndefu za kusimama, zenye kioo juu, mkono wa kuongozea na vitufe viwili. Sindano alikuwa mfalme wa mashine ya kigari. Unaendesha kigari kwenye barabara ya mlimani, mawe yanaporomoka, wewe unayakwepa na kuokota madebe ya mafuta. Kila debe pointi kumi. Pointi haziji kwa kwenda, zinakuja kwa kuokota.

Siku ya usaili wa chuo cha ufundi, usaili ambao Fundi aliuhangaikia miezi minne, Sindano hakutokea. Dada mtu alijua pa kumtafuta. Mimi nilimfuata nyuma mbio, na aproni yangu ya kunyolea kiunoni, nikijua leo pana kazi. Tulimkuta amezungukwa na vijana wanaoshangilia. Alikuwa amefikisha pointi elfu sitini na moja mia tatu na arobaini, hakuna aliyewahi kufika huko, na mashine ilikuwa inamtaka aandike herufi tatu za jina lake juu ya orodha. Alikuwa ameshaandika ya kwanza. Fundi akamkamata ukosi wa shati.

"Dada, ngoja nimalize kuandika jina!"

"Jina gani? Hilo jina si umeshaliharibu leo? Toka hapo!"

Akamburura hadi nje mbele ya wenzake wote. Niliona uso wa yule kijana, na mpaka leo najilaumu kwamba nilisimama tu na aproni yangu sikusema neno. Siku nne hakumsemesha dada yake. Siku ya tano tulikuta kitanda kimetandikwa vizuri, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, na begi halipo. Alikuwa amepanda lori la mizigo na dereva fulani aliyehitaji utingo.

Alipiga simu mara moja tu, dukani kwa Fundi, baada ya wiki tatu. Fundi alikuwa ametoka, maana lini hakutoka? Nikapokea mimi.

"Shemeji," akasema, na nyuma yake injini inanguruma, "hebu niulizie pale ukumbini, rekodi yangu bado ipo? Mwambie dada nikirudi nakuja kumalizia jina. Nitapiga tena."

Hiyo ni miaka kumi na tisa iliyopita. Tulikwenda polisi, tulitangaza redioni, Fundi alizunguka maegesho ya malori mpaka madereva wakamzoea. Hakuna kitu. Ndiyo maana hajahama kwenye kile kiduka kinachovuja, ndiyo maana hajabadilisha namba, na ndiyo maana hawezi kukaa wala kwenda mbali. Ukumbini hakutia mguu tena, lakini kila alipokutana na mwenye ukumbi njiani alimuuliza swali lile lile: "Bado ipo?" Mzee wa watu alijibu kila mara, "Bado ipo, Fundi. Nani ataivunja?"

Sasa juzi juzi, mwezi wa pili, yule mwenye ukumbi akaja dukani na kipaza sauti kilichoungua. Namsikia kupitia mbao.

"Nafunga, Fundi. Vijana siku hizi wana simu zao mfukoni, nani atakuja kusimama kwangu? Jumamosi anakuja mtu wa vyuma chakavu kuchukua mashine."

Nikasikia harufu ya mbao inayoungua. Fundi alikuwa amekilaza chuma cha kulehemu juu ya meza yake mwenyewe.

"Ile ya kigari inawaka?"

"Inawaka. Haijawahi kuzimika hiyo."

"Usimpe mtu. Ni yangu."

Niliwaacha wateja wawili nikaenda kumwambia ukweli. Nyumba yetu ni vyumba vitatu, na sebuleni ukinyoosha miguu unagonga televisheni. "Tutaiweka wapi?" nikamuuliza. "Kichwani kwako?"

"Toa kabati lako la vioo."

"Kabati la marehemu baba?"

"Marehemu baba hajawahi kulitafuta," akasema.

Nilichukia, sifichi. Lakini nilikwenda naye. Ukumbi ulikuwa umeshavuliwa nusu, waya zinaning'inia, na ile mashine ilikuwa pembeni peke yake inapiga muziki wake wa kitoto. Rangi imebanduka, kitufe kimoja kimetoboka. Tulisimama mbele yake tukisubiri orodha ipite. Ikapita. Juu kabisa: 61340, kisha herufi ya kwanza ya jina la Sindano, na vistari viwili vitupu. Fundi akaweka kiganja chake juu ya kioo. Orodha ikapotea, kigari kikaja, yeye bado ameweka kiganja. Walipatana bei na yule mzee haraka kuliko nilivyopenda.

Kuileta nyumbani kulitaka wabebaji wanne na matusi mengi. Mlangoni ilikwama, tukang'oa bawaba za mlango, ikapita kwa kukwaruza ukuta niliopaka rangi mwaka jana. Wabebaji walipoondoka, Fundi hakunywa hata maji. Anazunguka mashine kulia, anazunguka kushoto, anapangusa, anagonga mbao kwa kidole. Mimi naona raha yake, na kusema kweli hasira zangu zilikuwa zimeshayeyuka.

"Washa basi tumwone mtu wetu," nikamwambia.

"Kitu kikuukuu hakiwashwi kabla ya kufunguliwa," akasema.

Hiyo ni sheria yake. Nimeisikia akiwaambia wateja mara elfu: lete, nifungue kwanza, niangalie kilichooza, ndipo tuwashe, la sivyo utaunguza kila kitu. Akafungua mgongo wa mashine. Nikamshikia tochi. Vumbi la miaka, mende wakavu, na katikati bodi kubwa ya kijani. Pembeni mwa bodi kulikuwa na kibetri cha mviringo kilichoanza kutoa majimaji ya kijani yaliyoanza kula njia za shaba.

"Ona uchafu huu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyemshika mwizi. Betri inayovuja haisubiriwi dukani kwake. Mkono ukaingia mfukoni, ukatoka na koleo. Kap. Kap. Betri ikadondoka sakafuni, nayo akaipiga teke chini ya kochi. Akasugua bodi kwa mswaki na spiriti, akalehemu njia moja iliyokatika, akafunga mgongo. Kazi safi kabisa. Hata mimi nisiyejua lolote niliona ni kazi safi.

Akachomeka. Kioo kikawaka, muziki ukaanza, kigari kikapita. Kisha orodha ikaja.

Juu kabisa: 50000. Chini yake 40000. Chini yake 30000, na herufi walizoweka watengenezaji tangu kiwandani.

Nilidhani ni orodha nyingine, kwamba ya kweli inafuata. Nikamgeukia nimuulize. Fundi alikuwa anaangalia mikono yake, ile miwili, kama ya mtu mwingine.

"Betri," akasema. "Betri ndiyo kumbukumbu."

Anajua kuliko mtu yeyote. Kila mteja wa saa au redio ya mezani anaambiwa hivyo hivyo: usitoe betri, itasahau kila kitu. Lakini mikono yake, si nimeshawaambia? Haisubiri. Miaka kumi na tisa rekodi ile iliponea ukumbini, kwenye moshi na makelele, ikaja kufia kwetu mikononi mwa mtu aliyeilinda.

Akainama akaitafuta ile betri chini ya kochi. Akaipata, akaipangusa kwa kanga yake, akaibana na waya zake kwa vidole kana kwamba ingewezekana. Nikamshika mabega. "Mara ya pili," akasema akilia. "Mara ya pili nimemtoa pale kwa mikono yangu." Sikuwa na neno la kinyozi la kumtuliza. Nililia na mimi, basi.

Jioni ile ile akalehemu betri mpya, akaiacha mashine inawaka, akaipa mgongo. Siku tatu tulipita mbele yake kama wapita njia. Siku ya nne nikasikia madebe yanaokotwa. Ni yeye, kasimama, hajui hata kushika ule mkono wa kuongozea. Kigari kikapondwa na jiwe la kwanza kabisa.

Tangu hapo hakuna aliyelala mchana nyumba ile. Alicheza asubuhi kabla ya kufungua duka, alicheza akirudi, alicheza huku wali unaungua. Simu ya dukani akaiunganisha na ya mkononi ili ikilia imkute pale pale. Binti yetu, aliyeolewa mtaa wa pili, akaja akamwangalia, akanivuta jikoni: "Baba, mama mzima?" Nikamwambia, "Mama yako yuko kazini." Vidole vilimtoka malengelenge. Mwezi wa kwanza wa kucheza alifika elfu tisa. Akanitukana mimi kwa sababu nilikohoa. Baada ya miezi mitatu alifika elfu thelathini. Akagundua kwamba mawe hufuata mpangilio, akaanza kuuchora ukutani kwa penseli, kwenye rangi yangu.

Jumapili moja mchana, mwezi wa sita tangu aanze, nilikuwa nanoa mikasi yangu mezani nikasikia anapumua kwa nguvu. Nikanyanyuka. Elfu hamsini na nane. Kigari bado kina maisha matatu. Nikasimama nyuma yake bila kugusa kitu, hata kukohoa nikameza. Hamsini na tisa. Sitini. Jasho linamtiririka shingoni. Sitini na moja elfu na mia mbili. Mikono yake ilikuwa inakwenda kwa utulivu ambao sijawahi kuuona.

61310. 61320. 61330.

Akaokota debe moja. 61340. Kisha akaondoa mikono.

"Endelea!" nikapiga kelele. "Una maisha matatu, mke wangu, utafika laki!"

"Hizo nyingine si zake," akasema.

Jiwe likaja likakiponda kigari. Kikarudi, jiwe la pili. Kikarudi tena, la tatu. Alisimama mikono imelala ubavuni akiangalia kila moja likianguka. Mashine ikapiga tarumbeta zake, ikataka herufi tatu, na sekunde zikaanza kuhesabika kurudi nyuma kutoka thelathini.

Akaweka ya kwanza. Akaachia. Nikaona sekunde zinakwenda, ishirini na mbili, ishirini na moja, nikataka kumwambia wahi. Hakuwa na haraka yoyote.

"Maliza," alikuwa anasema polepole, si kwangu. "Maliza, dada anakungoja."

Akaweka ya pili. Akaweka ya tatu. Jina likapanda juu ya orodha, limetimia. Fundi akavuta kiti cha mezani, akakigeuza kikatazama mashine, akakaa. Nikampelekea chai. Akainywa yote.