Wiki Zisizo na Bei

Biashara ya kahawa iliporuhusiwa kwa watu binafsi, mzee mmoja mwenye asili ya Kihindi, mzaliwa wa Moshi hapahapa, aliniajiri nikae kwenye kompyuta yake. Kila wiki nilichapa bei tulizouzia mnadani, kisha nikakokotoa viashiria viwili: wastani wa wiki za karibuni, na kipimo cha kuonyesha kama bei inapanda kwa nguvu au inachechemea. Kwa viashiria hivyo viwili mzee aliamua auze au asubiri.

Kila msimu ulikuwa na faili lake. Chini ya tarakimu mzee alinitajia maneno ya kuandika: “Mvua imekata barabara ya Mwika.” “Hakuna mnada, watu wamepanda mlimani kwao kwa Krismasi.” Mimi niliona ni porojo za uzee, lakini nilichapa, maana mshahara ni mshahara.

Kisha macho yake yakaanza kuingia ukungu, na binti yake akarudi kutoka masomoni kushika kazi. Yeye alitaka databesi, bei za misimu yote zikae pamoja mahali pamoja kwenye kompyuta.

“Dada, nikitaka bei za Januari zote, nifungue mafaili mangapi?” aliniuliza.

Alikuwa na haki. Databesi ingemjibu kwa swali moja. Ila aliyoitengeneza ilikuwa na nafasi za tarakimu tu.

“Na maneno yangu yatakaa wapi?” mzee aliuliza.

“Baba, maneno hayakokotoleki.”

 Mzee alinitia huruma sana. Ghala, magunia na gari vingeweza kununuliwa na yeyote, lakini yale maneno ndiyo aliyotaka kumwachia mwanawe, na mwanawe hakuwa na pa kuyaweka.

Desemba ikafika, tukafunga ofisi. Mchagga gani hukaa mjini Krismasi? Nilipanda Mwika kula ndizi na nyama kwa mama, nikasahau kabisa kama kuna kompyuta duniani.

Tuliporudi, wastani ulikuwa umeporomoka vibaya. Binti akashika simu ili auze kahawa yote ya ghalani kabla mambo hayajaharibika zaidi.

“Ngoja kwanza,” mzee alisema. “Sikukuu tuliuza kwa bei gani?”

Nikatazama. Kwenye wiki ambazo hatukuuza, databesi ilikuwa imejaza sifuri yenyewe, kisha ikazikokotoa pamoja na bei halisi, kana kwamba tuligawa kahawa bure.

Binti akarudisha simu mahali pake.  Alivuta kiti karibu na baba yake, akaniomba nifungue faili la kwanza kabisa niwasomee. Nilisoma hadi sauti ikanikauka. Databesi ikabaki, maana aliihitaji, lakini aliirekebisha isihesabu wiki tupu, akaongeza safu ya maneno. Tulihamisha yote ya mzee, hata lile la mbuzi aliyeingia ghalani.

Mzee alifariki kabla ya msimu uliofuata kwisha. Wiki ya msiba hatukupeleka kahawa mnadani. Niliporudi kazini nilimuuliza binti niandike nini kwenye mstari ule.

“Bei iache wazi,” alisema.

Akavuta kibodi upande wake, akachapa mwenyewe kwenye safu ya maneno: “Hatukuuza. Tulikuwa na Baba.”