Mfanyabiashara Aliyeambiwa Apike

Juzi, wasomaji wangu, tumemzika jirani yangu wa Ipuli, bibi aliyeuza mchele mpaka Burundi. Tangazo la msiba lilimtaja kuwa mama wa nyumbani. Nilimuuliza kijana wa familia aliyeliandika kwa nini asiseme mfanyabiashara. "Kwani hakuwa na mume?" akanijibu, akaendelea kunywa chai yake.

Niwasimulie. Mwaka mmoja mpunga wa Igunga ulijaa maghalani, bei ikaanguka, na waheshimiwa wetu wakawaalika wanunuzi kutoka Burundi kwenye mkutano. Bibi na wenzake, wanawake waliozoea kupakia magunia yao kwenye treni ya Kigoma, walikuwa hatarini kupoteza mtaji wote. Wakaomba nafasi mkutanoni. Mwenyekiti wa maandalizi aliwapokea kwa adabu zote.

"Shikamoo mama. Mkutano huu ni wa wafanyabiashara. Ila jikoni tunawategemea ninyi."

"Marahaba, baba. Tutapika."

Nilikuwa ukumbini. Asubuhi nzima tulisomewa hotuba za kumwezesha mwanamke, waliozisoma wakiwa wanaume watupu, na sikumwona mwenye gunia hata moja la kuuza. Chakula kilipoletwa, mgeni mmoja alikula, akaongeza, akauliza mchele ule unapatikana wapi. Mwenyekiti akaanza kumweleza sera. Bibi akatua bakuli mezani.

"Wangu huo, mwanangu. Ghala liko Ipuli. Ukishiba, twende."

Wageni wakaondoka naye. Hotuba ya kufunga ilisomewa viti, na wiki ile magunia ya akina mama yakapanda treni.

Mnadhani walishukuriwa? Biashara ilipochangamka tu, ikaundwa kamati ya soko la mchele, wanaume wote. Akina mama wakaambiwa mitaji yao midogo, waende benki. Benki ikataka hati ya nyumba, na hati ina jina la mume. Wengi walirudi kuuza kwa vibaba. Bibi hakurudi, kwa kuwa ghala lilikuwa na hati ya jina lake, akaliweka dhamana ya mkopo wake na wa wenzake wachache.

"Mume wangu nampenda sana," aliniambia akicheka, "ila kile kiwanja cha ghala nilimficha."

Siku hizi kila redio inalia kwamba fedha za kigeni ni adimu na hatuna watu wa kuuza nje. Tunao, tena tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu wanawake wamebeba mizigo katika njia hii ya Kigoma. Tunawanyima hati, tunawanyima mikopo, kisha tunawalipa wataalamu posho watueleze kwa nini shilingi yetu inayumba.