Vibuyu vya Kashindye

Kashindye alipopunguzwa kazi kiwanda cha pamba, miaka ile ya kubinafsisha mashirika, alipata kibarua cha kutunza bustani ya mzungu mmoja wa biashara ya samaki, pale Mwanza. Mzungu alipohama alimwachia mimea ya ajabu: ncha za majani zilining'iniza vibuyu vyembamba vyenye vifuniko, na ndani yake maji ya kuozesha wadudu.

Nyumbani Buswelu aliidekeza kama kitinda mimba. Aliipanda kwenye makumbi ya nazi, akaiezekea kivuli cha nyasi. Samadi hakuitia hata chembe, maana ingeiunguza. Na ilikunywa maji ya mvua tu, ambayo mkewe Dorcas aliyakinga kwenye pipa.

Kisha ndama wa jirani yao Masalu akafa ghafla. Jioni Masalu akaja na kundi la watu wenye fimbo.

"Kashindye, tunasikia humu mna majani yanayokula nyama. Ya nani?"

Kashindye alijua vikongwe waliouawa kama wachawi kwa maneno mepesi kuliko hayo. Alijua, na bado akanyoosha kidole jikoni kwa mkewe, akasema, "Si yangu. Ya mama huyu."

Dorcas alikuwa jikoni, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Akainuka, akamtazama mumewe mara moja tu. Akachuma kibuyu ambacho kifuniko chake kilikuwa hakijafunguka, akakichana, akanywa maji yake mbele yao. Akapasua kingine kilichokwisha funguka, akakimwaga kiganjani: nzi na sisimizi.

"Nyama yenyewe hii," alisema. "Masalu, tangu josho la kuogeshea ng'ombe lifungwe, ndama wangapi wamekufa kwa kupe hapa kijijini?"

Mmoja akaguna, mwingine akacheka. Wakatawanyika.

Kesho yake Kashindye alipita nyumba kwa nyumba akisema mimea ni yake. Walimsikiliza wakitazama chini. Aliporudi akamweleza mkewe.

"Ungewaambia jana, baba Kija," alijibu Dorcas, akaendelea kuchambua mchicha.

Hakulitaja tena. Chakula alimwandalia vilevile, na maji ya kuoga. Hilo ndilo lililomchoma Kashindye. Waumini walipompendekeza awe mzee wa kanisa, alisimama akakataa. Walipomuuliza sababu, aligeukia benchi la akina mama alikokaa Dorcas, akashindwa kuinua macho, akatoka nje.